Neno "Come Back" na Uwanja Uliofagiwa

Ninyi mnaosoma Kiingereza shuleni mmeambiwa kwamba "come back" ni kurudi, mkaandika hivyo, mkafunga daftari. Sina ugomvi na walimu wenu. Mimi niliacha shule baada ya darasa la nne, na Kiingereza changu nilikiokota porini, nikitembea nyuma ya kitambaa cheusi. Lakini neno hilo nimelifanyia kazi miaka mingi, na kwa kuwa sasa nimestaafu na kila mara mnaniomba niwasimulie kazi ya mbung'o, nitaanzia hapo.

Mwingereza husema "come back" akiwa amesimama pale anapotaka urudi. Yeye yuko Kiomboi, wewe uko Misigiri; akikwambia "come back", anakuita alipo. Akitaka uondoke mbele yake uende ulikotoka, atasema "go back". Sisi tunasema "rudi" kwa yote mawili, na tunaelewana kwa kumtazama msemaji usoni. Neno hilo wanalitumia pia kwa homa iliyopoa kisha ikaanza tena, na kwa jambo ulilolisahau likakujia ukiwa unaoga. Na sisi, katika kazi yetu, tulilitumia kwa wadudu.

Nieleze kazi yenyewe. Siku za utawala wa Waingereza, pori lote la chini ya mlima wetu, kuelekea mbuga ya Wembere, lilikuwa na mbung'o wanaoleta ugonjwa wa malale. Serikali ilitaka kujua mbung'o ni wengi kiasi gani na wanahamia wapi. Huwezi kumhesabu mdudu porini kama ng'ombe zizini. Kwa hiyo tulifanya hivi. Watu wawili walibeba kitambaa cheusi kilichofungwa kwenye miti, kama machela iliyosimama, wakatembea polepole katika njia ya kuzunguka pori. Mbung'o hupenda kufuata kitu cheusi kinachotembea. Walipotua kitambaani, au mgongoni mwa mtu, sisi wengine tuliwadaka kwa wavu mdogo wenye mpini. Tulimshika kila mmoja kwa vidole viwili, tukamtia doa la rangi mgongoni kwa ncha ya jani kavu, tukamwachia. Tulipozunguka tena baada ya wiki mbili tuliangalia wangapi kati ya tuliowakamata walikuwa na madoa. Wenye madoa wakiwa wengi, ujue pori lina mbung'o wachache, maana unawakuta wale wale. Wakiwa haba, ujue umezungukwa.

Jioni, bwana wa kazi alitungoja mbele ya hema lake. Watu walimwita Bwana Mbung'o. Alikuwa mrefu, mwenye shingo nyekundu, na hakuwa mtu mbaya. Swali lake lilikuwa moja siku zote: wangapi wamerudi? "How many came back?" Hivyo ndivyo nilivyolijifunza neno hilo. Mwanzoni nilijua tu kwamba "back" ni mgongo, nikadhani anauliza wangapi tumewatia rangi mgongoni. Nilimpa jibu kubwa sana, akafurahi sana, na Mzee Msengi ndiye aliyenivuta pembeni kunisahihisha kabla furaha ile haijafika kwa wakubwa wake Dodoma.

Mzee Msengi ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa kiongozi wa wadakaji, Mnyiramba wa kule kule porini, mfupi, mwenye miguu iliyopinda kidogo. Wavu aliutumia kama mtu anayepepea moto. Hukuona mkono, uliona tu mbung'o hayupo. Siku yangu ya kwanza nilivaa shati jeupe nililotunza kwa ajili ya kanisani, nikijua nimepata kazi ya serikali. Nikashinda bila kukamata hata mmoja.

"Wewe umekuja kubatizwa?" Mzee Msengi aliniuliza. "Mbung'o haendi kanisani. Kesho vaa kitu cheusi."

Kesho yake nilivaa cheusi, nikawapata, lakini rangi niliitia nyingi mno, mbawa zikagandana.

"Umemvalisha koti la mvua," akasema, akimtazama mdudu anayezungukazunguka kiganjani mwangu. "Sasa ataruka na nini, baba? Kwa masikio?"

Yako mengine aliyonifundisha ambayo hamtayapata vitabuni. Mbung'o akitua hukunja mbawa zake moja juu ya nyingine, kama mkasi uliofungwa. Inzi wa nyumbani huziacha wazi. Aliyeshiba damu haji kitambaani, anakaa kwenye gome la mti upande wa kivuli akisaga chakula chake. Mtu wa nyuma kabisa katika msafara ndiye anayebeba wengi mgongoni, na hawezi kuwaona, kwa hiyo msiwe na haya ya kumpiga mwenzenu mgongoni, mkiwa porini hiyo ni adabu. Na mtu akikaa kimya mahali pamoja, mbung'o wanampita kwa muda, kisha wenye njaa wanajifunza kwamba yupo. Hilo la mwisho ndilo ninalolikumbuka zaidi.

Katika njia yetu ya kuzunguka tulipita kwenye mahame. Kabla sijaanza kazi, familia nyingi ziliishi huko chini, moja moja, na nyumba zao za tembe na mashamba ya uwele. Ugonjwa ulipozidi, serikali iliamuru wote wahamie juu, kwenye makazi mapya upande wa Misigiri, mahali palipofyekwa, ambapo mbung'o hafiki. Waliambiwa pori likisafishwa watarudi. Watu walibeba mawe ya kusagia na mbuzi na nguzo walizoweza kuzing'oa.

Kwetu, mtu akihama alikata tawi la mgunga lenye miiba akaliweka kwenye mlango wa uwanja. Anayepita akiona miiba anajua: hapa hakuna mtu, usipige hodi, usingoje. Na kinyume chake mngekijua hata ninyi wa leo kama mngelelewa na bibi zenu. Ukifika kwa mtu ukakuta uwanja umefagiwa na majivu mapya jikoni, mwenyewe hayuko mbali. Huondoki. Kuondoka ni kumtukana, ni kama kusema chakula chake hakikutoshi. Unakaa, unangoja.

Siku ya kuhama wote waliweka miiba, isipokuwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Shabani. Mwanawe wa pekee, Shabani, alikuwa amechukuliwa jeshini wakati wa vita kuu ya pili, na hakuwa ameonekana tangu hapo. Mama huyo alikataa kabisa kukata tawi. Alisema, "Nikiweka miiba nimemfungia mwanangu mlango. Atajua tumekufa." Watu wakamwambia kuwa vita vimekwisha na waliokuwa wa kurudi wamerudi. Alifagia uwanja wake, akajitwika mzigo.

Alipojua kwamba Mzee Msengi hupita pale kila baada ya wiki mbili kwa kazi, alikuja kambini kwetu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mimi nilikuwa ninaosha nyavu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yakiwa kwa mzee.

"Msengi, ndugu yangu, unapita kwangu?"

"Napita."

"Pakoje?"

"Tembe imeanguka upande mmoja. Majani yanaota uwanjani."

Alimsogezea kibuyu. "Unifagilie."

"Nikufagilie nini, Mama Shabani? Pale pana nyoka na ngiri."

"Uwanja tu. Na uwashe moto kidogo pale jikoni, kisha uuzime. Mwanangu akirudi, aone kuna majivu. Ajue tupo hai. Akishajua tupo hai, atapanda mlimani kuuliza."

Mzee Msengi aliyatazama maziwa, akamtazama mama. "Na akirudi akamkuta chui amelala uwanjani pako palipo safi?"

"Atamfukuza. Ni askari."

Alicheka kwanza mama, kisha sisi. Tulikubali kwa kicheko. Mimi na Mzee tulidhani Shabani akirudi atashuka garini huku juu, barabarani, atasikia habari za kuhama kabla hajafika bondeni. Uwanja ulikuwa wa kumtuliza mama.

Basi kila tulipozunguka, kitambaa kiliwekwa chini pale, wabebaji wakapumzika, na Mzee Msengi akatoa ufagio wa vijiti alioufutika kwenye ufa wa ukuta. Alifagia kutoka mlangoni kwenda nje, kama afanyavyo mwanamke mwenye nyumba, si kama sisi wanaume tunaokwangua tu katikati. Aliwasha moto kidogo kati ya mafiga matatu, akauzima kwa mchanga. Wabebaji walimtania. "Mzee, bibi ameoa mume mzuri!" "Na sufuria utaosha lini?" Naye aliwajibu bila kugeuka, "Nyie fungeni midomo, mbung'o wasiingie."

Hivyo ilikwenda, kiangazi, masika, kiangazi kingine. Kila jioni Bwana Mbung'o aliuliza wangapi wamerudi, na kila mara Mama Shabani alisimama njiani tukipanda, akimuuliza Mzee Msengi neno lile lile kwa Kinyiramba. Mzee alitikisa kichwa. Mama alisema asante, akaenda kuchota maji.

Kisha ikawa siku moja, mwishoni mwa kiangazi, majani yote yamekauka, tukakaribia tembe ile tukaona moshi.

Mzee Msengi alisimama. Sisi tulifikiri ni warina asali, maana walijificha huko ingawa ilikatazwa. Alipiga hodi kwa sauti kubwa.

"Karibuni," ilijibu sauti ya mwanamume. "Lakini mwenyewe hayupo. Mimi mgeni kama ninyi."

Alikuwa amekaa chini ya ukuta uliobaki, amevaa koti la jeshi lililopauka, miguu ameinyoosha. Uwanja ulikuwa umefagiwa asubuhi hiyo hiyo. Kwanza nilimtazama yeye, kisha nikatazama mgongo wa koti lake: mbung'o walikuwa wametua. Mzee Msengi aliwaona pia. Kabla ya salamu alimzunguka kwa nyuma, akampitishia wavu mabegani.

"He! Vita vimekwisha, na bado mnanipiga?" alisema yule mtu, akicheka. Kisha alimtazama vizuri mpigaji. "Baba Msengi? Si ni wewe? Shikamoo!"

"Marahaba, Shabani."

"Mama yuko wapi? Nimekuta amefagia, na majivu ya juzi. Nikasema amekwenda kusaga, au kwa dada yake. Sasa naanza kufikiri dada yake amehamia Manyoni."

"Umepita njia gani?"

"Ya huku." Alionyesha magharibi. "Hata vita vilipokwisha jeshi lilituweka; waliponiachia nilishuka treni Tabora, nikafuata njia ya babu, ya wawindaji. Niliona ni mkato."

Njia ile hakuna aliyekuwa anapita tena. Hakukutana na mtu hata mmoja wa kumwambia.

"Uko hapa tangu lini?" Mzee aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya taratibu.

"Nilipofika mwezi ulikuwa kama ukucha. Sasa si mnauona, umejaa." Alitabasamu, akatutazama mmoja mmoja, kama anayeomba tumsifu. "Nilikuwa na biskuti za jeshini, na matunda yapo, na kisima hakijakauka. Kila asubuhi nafagia, ili akija asiseme mwanawe amejifunza uvivu kwa Wazungu. Ningeondokaje, baba? Uwanja umefagiwa."

Mbebaji mmoja aliyezoea kutania alikaa chini akashika kichwa.

Mzee Msengi alimwomba avue koti. Nyuma ya shingo, chini kidogo ya nywele, palikuwa na uvimbe mwekundu kama jipu lisilotaka kuiva. Sisi wa kazi ile tuliujua uvimbe ule: malale huanzia hapo. Mzee aliugusa kwa kidole kimoja, akarudisha kola ya koti taratibu, akasema, "Twende kwa mama yako."

Mama Shabani alikuwa anapepeta uwele. Aliona msafara wetu unapanda mapema kuliko kawaida, akasimama na ungo mkononi. Hakupiga kelele. Alimsogelea mwanawe, akamshika masikio yote mawili, kama anavyoshikwa mtoto anayetaka kuoshwa uso.

"Umekonda," akasema.

"Nilikungoja, mama. Kule nyumbani."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakungoja wewe."

"Nilikuta umefagia."

Mama alimtazama Mzee Msengi, na nilidhani hajaelewa. Alielewa pale pale. Aliweka ungo chini, akamwambia mwanawe aingie ndani ale.

Nisiwachoshe kwa habari za ugonjwa. Damu ilipimwa, Bwana Mbung'o mwenyewe alimpeleka kwa gari kwenye hospitali ya mbali, akachomwa sindano. Akarudi akiwa na nafuu, tukashangilia, akaanza hata kujenga jiko la mama yake. Kisha ugonjwa ulirudi. Nimewaambia kwamba Waingereza hulitumia neno lile kwa homa. Alianza kulala mchana na tonge mkononi. Alikuwa anazungumza, katikati ya sentensi anakwenda na usingizi. Mama alikaa karibu naye akimgusa bega na kumwita, "Shabani, rudi. Shabani, rudi," na mwanzoni alifungua macho na kumaliza sentensi yake. Uwele ulipotoa masuke hakufungua macho tena.

Bwana Mbung'o alikuja msibani. Alivua kofia, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa kifupi mno kwake, magoti karibu na kidevu, na hakuna aliyecheka. Alitaka kumwambia mama neno, akaniita nitafsiri. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba ni huzuni kubwa, lakini angalau alirudi. "At least he came back."

Nilitafsiri kama lilivyo. Sikuwa na lingine.

Mama Shabani alifikiri. Kisha alinijibu mimi, akimwangalia yeye. "Mwambie asante kwa gari lake. Mwambie mwanangu alirudi pale nilipopaacha. Hakurudi hapa nilipo. Aliyefika hapa alikuwa ameshachukuliwa."

Nilimweleza. Alikaa muda mrefu akizungusha kofia kwa vidole. Akaniambia nimuulize kama kuna kitu anachoweza kumfanyia.

"Kipo," mama alisema. "Aniruhusu niende kwangu mara moja. Nina kazi sijaimaliza."

Kwenda huko ilikuwa marufuku kwa asiye na kazi. Bwana Mbung'o alikubali, kwa sharti kwamba aende na msafara wetu na kurudi nasi.

Tulishuka siku ya kawaida ya kazi. Mama alivaa kaniki, na Mzee Msengi alimwambia kwa upole kwamba nguo nyeusi inawaita mbung'o. Alijibu, "Waache waje. Ninao nini tena cha kuwanyima?" Hakuna aliyetania njia nzima. Tulidaka, tukatia madoa, tukaachia, kwa sababu ndiyo kazi, na mikono haijui msiba.

Tulipofika, majani yalikuwa yameshaota uwanjani kote. Alama za kisigino cha buti bado zilikuwepo chini ya ukuta, mahali ambapo mvua haikufika. Mzee Msengi alikwenda kwenye ufa, akatoa ufagio, akasimama nao kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Nipe," mama alisema.

Nilidhani atafagia. Hakufagia. Aliuegemeza ukutani, akachukua panga langu, akaenda kwenye mgunga ulio karibu na kisima. Nilitaka kumsaidia, Mzee akanishika mkono. Mama alikata tawi kubwa mwenyewe, akaliburuta, mikono ikamchubuka. Aliliweka mlangoni pa uwanja, miiba ikitazama nje, akalikandamiza kwa jiwe upande huu na jiwe upande ule. Kisha alipiga hodi, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayepita kuomba moto. Akasikiliza. Akatuambia, "Haya. Hakuna mtu. Mtu asingoje."

Mzee Msengi alikuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo kwetu. Mama alimwendea, akasimama kando yake.

"Msengi."

"Naam."

"Ulifagia vizuri."

Mzee alifunika uso.

"Nasema ulifagia vizuri. Alidhani ni mimi." Alimngoja anyanyuke. "Simama, ndugu yangu, jua linakwenda."

Vijana wangu, mtakutana na neno hili mara nyingi, na mtalitumia vizuri kuliko mimi. Mimi kila nikilisikia huuliza kwanza kimoyomoyo: anayesema amesimama wapi, na anayerudi atamkuta nani hapo?

Ufagio ule mama aliubeba hadi mlimani. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Mbung'o walimfuata, wakatua kwenye kaniki yake, na Mzee Msengi alitembea nyuma yake njia yote na wavu, akiwatoa mgongoni mwake mmoja mmoja, bila kutazama kama wana alama.